Tuchague Linux inayovumilia ukata

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta za zamani tumekuwa tukipewa ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni nunua mpya. Wa pili, ambao mara nyingi unatoka kwa vijana, ni weka Linux, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Ukiuliza Linux ipi, unatajiwa majina kumi kwa pumzi moja na mshauri anaondoka zake. Mimi nina steshenari hapa Mkuti, mjini Masasi. Nachapa, natoa kopi, napiga picha za pasipoti, nawajazia watu maombi ya mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) na ya Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali), na msimu wa korosho ukiingia nawachapia makarani wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, orodha zao. Kompyuta za dukani kwangu, isipokuwa moja, zinatumia Linux, na za wateja nimeshazigusa nyingi. Kwa hiyo kuhusu hayo majina kumi nina neno.

Huo ushauri wa kununua mpya nisiupotezee wino. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Mashine zilizojaa huku Kusini ni mitumba iliyostaafishwa na ofisi za nje: kompyuta mpakato kama ThinkPad, Latitude na ProBook zenye prosesa za kizazi cha 4, cha 5, cha 6. Ni nzima kabisa, na vitufe vyake ukibonyeza unajua umebonyeza. Kumwambia mwalimu wa Nanyumbu aitupe mashine kama hiyo kwa kuwa kampuni imebadilisha masharti ni kumtania mtu mzima. Ni kweli Microsoft imetoa nyongeza ya mwaka mmoja, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Lakini tuambiane ukweli sisi kwa sisi. Windows nyingi za mtaani zimepigwa, yaani zimewekwa, kwa krak, programu ya kukwepa leseni, na jambo la kwanza analofanya fundi ni kuzima apdeti ili krak isigundulike. Mashine hizo ziliachwa bila ulinzi siku ileile zilipopigwa, sio Oktoba.

Kilichonifanya nishike kalamu ni huo ushauri wa pili, kwa sababu ni mzuri na unaharibiwa na namna unavyotolewa.

Niwaeleze kidogo wasiojua. Linux yenyewe ni kiini tu, alichoanza kukiandika Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, Finland. Watu na makampuni hukichukua kiini hicho, wakakiongezea sura, kivinjari, programu za ofisi na utaratibu wa kupokea apdeti, halafu wakakitoa kwa jina lao. Hicho ndicho vijana wanachokiita distro. Debian, ya mwaka 1993, ni babu. Ubuntu, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, imejengwa juu ya Debian, na Linux Mint ya mwaka 2006 imejengwa juu ya Ubuntu. Mjukuu huyu, kama wajukuu wengine, ana utani na babu: lipo toleo lake jingine, LMDE, linalomruka baba na kwenda kuegemea kwa Debian moja kwa moja. Kuna pia ukoo mwingine, Fedora kwa mfano, inayofadhiliwa na Red Hat. Na kuna Arch, ambayo haikujengwa juu ya distro nyingine na inajivunia hivyo.

Watu wakitaka kuchagua kati ya hizi huangalia picha. Rangi gani, madirisha yanafunguka kwa mbwembwe gani, inafanana na Mac au haifanani. Mimi mteja akinijia nasema, "Sawa baba, tutaangalia sura. Kwanza niambie, bando unanunua lini?"

Wa Dar es Salaam atashangaa swali hilo, wa Masasi hashangai. Minada ya korosho inaanza kwenye mwezi wa kumi. Malipo yakiingia, kila mtu ana bando, simu zinalia, dukani kwangu hakukaliki. Ikifika mwezi wa tatu mji umekauka. Mteja anakuja na flashi kuomba faili moja lenye kurasa mbili kwa sababu nyumbani bando limeisha na la kununua hana. Kompyuta yake itakaa hivyo, haioni intaneti, mpaka atakapopata pesa. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpigia Arch umemsaidia nini? Arch haina toleo la mwaka huu wala la mwaka ujao. Vitu vipya vinaingia kila siku na wewe unatakiwa uende navyo. Ukiiacha miezi minne, siku ukiiunganisha inakudai GB kadhaa kwa mkupuo, na mara nyingine inakutaka usome kwanza matangazo yao ujue kipi urekebishe kwa mkono kabla ya kusasisha. Kijana ninayefanya naye kazi dukani ni mpenzi wa Arch, tena anaijua vizuri, na mashine yake inapendeza. Lakini yeye ana Wi-Fi ya duka, na anayeilipia ni mimi.

Fedora nayo ni nzuri, imepangika, lakini kila toleo linahudumiwa miezi 13 hivi, na baada ya hapo sharti upande toleo jingine. Kupanda toleo ni kushusha mfumo karibu mzima upya. Mtu wa ukata utamwambia afanye hivyo kila mwaka?

Ndiyo maana ninapoulizwa nasema Linux Mint, na sijutii. Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu ya mwaka 2024, ile ya huduma ndefu, nayo itahudumiwa hadi mwaka 2029. Ukiiweka leo unaweza kukaa nayo miaka bila kupanda toleo, unachukua apdeti za usalama tu pale unapopata bando. Apdeti zenyewe zinakuja kwa adabu: inatokea alama ndogo chini pembeni, ukibofya unaonyeshwa orodha na ukubwa wa kila moja, unachagua za muhimu, nyingine unaziacha zisubiri. Hakuna kompyuta kujiwasha upya katikati ya barua ya mteja. Kitufe cha menyu kipo pale pale mtu wa Windows alipokizoea. Na ina Timeshift, inayohifadhi hali ya mfumo ilivyokuwa ili ukiharibu kitu urudi nyuma. Kwa duka ambalo kila mtu anagusa kibodi, hiyo peke yake inatosha kunifanya niipende.

Najua wapo watakaouliza kwa nini sio Ubuntu yenyewe. Naiheshimu. Wakongwe mtakumbuka ilikuwa inatuma CD bure kwa posta duniani kote, mpaka mwaka 2011 walipoacha; kuna watu huku walioiona Linux kwa mara ya kwanza kwa bahasha ile. Huduma yake nayo ni ya miaka mitano kwa matoleo ya muda mrefu. Tatizo langu ni moja: baadhi ya programu zake, Firefox ikiwemo, zinakuja kwa mtindo wa snap, aina ya vifurushi vya Ubuntu yenyewe, na snap hujisasisha zenyewe kimyakimya usipozizuia. Ukiwa umeunganisha kompyuta kwenye simu yenye bando la siku, MB mia hapa, mia pale, bandu bandu, na gogo limekwisha kabla hujafungua fomu. Zinazuilika, ndiyo, lakini sitaki kumfundisha mama wa genge amri za kuzuia snap.

Na Debian? Ningekuwa na mashine isiyoguswa na mtu mwingine ningeiweka Debian na kulala usingizi. Toleo la 13 lilitoka Agosti 2025. Ila wenye mashine kongwe kabisa za biti 32 wajue kuwa toleo hilo haliwekwi tena kwenye mashine zao. Itabidi wabaki na la 12 au watafute distro ndogo kama antiX.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijawahi kusikia mshauri yeyote akilisema, na ndilo kubwa kwangu. Distro nzuri kwako ni ile iliyo kwa jirani yako. Huku kwetu tuliojuana tumekubaliana sote tubaki kwenye Mint 22, na sababu ni bando. Faili la kuiweka ni GB 3 hivi. Nililishusha mara moja, tangu hapo linazunguka kwa flashi, limeshafika Newala na Tandahimba bila mtu mwingine kulilipia. Apdeti vilevile. Ukisasisha kwa amri ya apt-get, vifurushi vyote vilivyoshushwa vinabaki kwenye folda ya /var/cache/apt/archives. Navinakili kwenye flashi, naviweka kwenye folda hiyohiyo ya mashine nyingine yenye toleo lilelile, naiagiza isasishe. Inachoshusha ni orodha tu, mengine inayakuta yapo inayasoma hapohapo. Kompyuta tano zinasasishwa kwa bando la moja. Lakini ukiwa na Mint, jirani ana Fedora na wa tatu ana Manjaro, distro nyingine tena, hakuna wa kumpa mwenzake kitu. Kila mtu anabeba msalaba wake.

Mwezi Mei 2024 tuliliona hilo vizuri. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar es Salaam ikakatika pande za Kilwa, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Mteja aliyetaka kuwekewa Linux wiki ile aliwekewa, na LibreOffice yake, na printa yake, kwa flashi tupu. Wenye kutegemea kila kitu kushuka kutoka juu walisubiri.

Jingine ambalo nalishuhudia kila wiki ni flashi zenye virusi vya shotikati. Mwanafunzi anakuja na uso umemshuka: ripoti yake ya utafiti haipo, kwenye flashi kimebaki kitu kimoja chenye mshale mdogo pembeni na jina la flashi yenyewe. Kwenye Windows ukikibofya kile unaambukiza na mashine uliyokaa nayo. Mimi nachomeka kwenye Mint. Kile chenye mshale kinaonekana kama faili la kawaida lisilofanya lolote, na pembeni yake linaonekana folda ambalo jina lake ni kama halipo, nafasi tupu tu. Windows ilikuwa imelificha kwa kutii alama ya kuficha, Linux haikujali alama ile. Nafungua, ripoti hii hapa, sura ya kwanza mpaka viambatisho. Nanakili, nafuta uchafu, narudisha flashi. Wengine wanadhani natumia dawa.

Nisije nikaonekana nauza maneno, niseme na pasipofaa. Ukitumia Photoshop, au programu ya mahesabu iliyotengenezwa kwa Windows peke yake, baki Windows. Usimsikilize kijana anayekuambia kuna njia. Karani mmoja wa AMCOS alileta faili la Excel la malipo ya wakulima: jina, kilo, daraja, makato, neti. LibreOffice ililifungua vizuri, hesabu zikakubali, rangi zikabaki. Lakini juu palikuwa na kitufe cha kuchapisha stakabadhi zote kwa mpigo, kimefungwa kwa makro, yaani amri ndogo zilizoandikwa ndani ya faili, nacho kilibonyezwa bila jibu. Tulichapisha kwa mkono siku ile, na nikamwambia asibadilishe kompyuta yake mpaka msimu uishe. Ndivyo ilivyo: orodha za kawaida hakuna shida, makro ni bahati nasibu.

Ripoti za wanafunzi wa vyuo nazo zina lake. Wakufunzi wanadai Times New Roman, na Linux haiji na fonti hiyo kwa sababu za leseni. Inakuja na Liberation Serif, iliyopimwa ili kila herufi ichukue upana uleule, kwa hiyo kurasa hazihami. Mwenye kutaka fonti yenyewe kabisa kuna kifurushi cha kuishusha, mscorefonts. Majedwali yaliyopangwa kwa Word ndiyo yanayoweza kuteleza, kwa hiyo naomba mteja aniletee na nakala ya PDF nilinganishe. (Kwa wasiojua, mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na mradi uliotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa menyu zake kwa Kiswahili. LibreOffice ni mrithi wa OpenOffice, na mpaka leo unaweza kuigeuza ikaongea Kiswahili. Wateja wangu wazee wanaipenda, vijana wanasema inawachanganya.)

Printa ziulizieni kabla. Za HP nyingi zinakubali kwa programu yao wenyewe ya HPLIP, ingawa baadhi ya za leza ndogo, kama P1102, zinahitaji nyongeza inayoshushwa mtandaoni mara moja. Ninayo printa moja ya leza, jina lake silitaji, iliyokataa katakata. Sasa inahudumia kompyuta moja ya zamani iliyobaki na Windows bila intaneti, na wote wanaishi kwa amani.

Tena msidanganywe kuwa Linux inafufua kila kitu. Mashine ya RAM GB 2 itawaka haraka ukiiwekea Mint yenye sura nyepesi ya Xfce, utaandika barua, utasikiliza redio. Ukifungua kivinjari na kurasa sita za picha itakwama, kwa sababu mlaji wa RAM siku hizi ni kivinjari, sio mfumo. Kwa GB 4 na diski ya SSD, ile ya kasi isiyozunguka, utafanya kazi zote za ofisi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya kufikiria distro yoyote.

Na jaribuni kabla ya kupiga. Linux inawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Washa, jaribu sauti, Wi-Fi, kamera, chapisha ukurasa mmoja. Kadi ya Wi-Fi ya zamani ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB, gawa intaneti, halafu acha mfumo utafute dereva wake, yaani programu ya kuiendesha kadi hiyo. Ukikuta kinachokukwaza, zima, chomoa, Windows yako utaikuta ilivyokuwa.

Mhariri, ombi langu kwenu: mkiandika tena kuhusu Linux, msitupe orodha ya majina yenye picha nzuri. Tuandikieni kila moja inahudumiwa hadi mwaka gani na inataka MB ngapi kwa mwezi. Halmashauri nazo, zinapouza kompyuta chakavu kwa mnada, zifute diski lakini zisizing'oe. Kuna shule za sekondari huku vijijini zingezifanyia kazi miaka mingine mitano.

Waliopo Masasi na vitongoji vyake wanaotaka Mint, waje dukani baada ya alasiri, asubuhi nina foleni ya kopi. Kunakili sitozi. Leteni flashi ya GB 8, na iwe tupu, kwa sababu kuiandaa kunafuta kila kilichomo. Picha za harusi hamishieni kwanza kwenye simu ya mtu.

Wako,
Mwenye steshenari,
Mkuti, Masasi, Mtwara.